Mchoro na Shina: Uhakiki wa Sanaa ya Jonathan Kingdon, Mzaliwa wa Tabora

Mtu asimamaye mbele ya picha isiyofanana na kitu chochote akijuacho huuliza swali moja: hii ni picha ya nini? Swali hili ni la haki, wala halistahili kuchekwa na wenye elimu ya sanaa. Kiswahili cha wahakiki kimelijibu kwa neno moja, dhahania. Picha yenye mti, mtu au nyumba huitwa ya uhalisia. Picha iliyobaki na mistari, mabaka na rangi tupu huitwa ya dhahania. Neno hili lina asili ya Kiarabu, nalo lahusu mambo ya akilini. Aghalabu humfanya msomaji adhani kwamba mchoraji amefumba macho, ameiacha dunia, na ameandika yale tu aliyoyaona ndani ya kichwa chake. Ikiwa maana ndiyo hiyo, basi wako wachoraji ambao neno hili haliwatoshi, na mmojawapo ni Jonathan Kingdon, aliyezaliwa Tabora mwaka 1935.

Kingdon ajulikana zaidi kwa wanasayansi kuliko kwa wahakiki. Wasomi wa sanaa wamezoea kumwachia mtaalamu wa elimu ya wanyama. Na wataalamu hao nao huzitazama picha zake kama msaada wa maelezo. Hivyo amekaa kama mzigo uliotuliwa katikati ya njia, kila msafara ukidhani ni wa msafara mwingine. Ni kweli kwamba yeye si mchoraji wa dhahania kwa maana nyembamba, kwa kuwa hakuliacha kabisa umbo la kitu. Lakini ni wachache katika Afrika ya Mashariki waliouliza kwa bidii kama yake ni kitu gani kinachobaki mnyama anapovuliwa ngozi, kisha nyama, kisha hata umbo lenyewe, ikabaki nakshi peke yake. Swali hilo ndilo swali la sanaa ya dhahania, na kwa swali hilo yafaa ahakikiwe.

Kabla ya kuzifuata kazi zake, hapana budi kulitengeneza neno lenyewe. Wanasarufi walikuwa nalo mbele ya wahakiki, kwa maana hutaja nomino dhahania, nazo nyingi ni za ngeli ya u-. Mathalan, kutoka mzee, wazee na kizee hupatikana uzee. Kutoka mtu, watu na kijitu hupatikana utu. Yafaa kuangalia kazi inayofanyika hapo. Hakuna aliyefumba macho ili alipate neno utu. Msemaji amewaona watu, amekiondoa kiambishi kinachoonyesha kuwa ni mmoja au wengi, ameshika shina -tu, na shina hilo amelivika kiambishi kingine. Shina lenyewe halisemwi peke yake. Halionekani sokoni wala barabarani. Lakini bila shina hilo hakuna mtu wala watu. Kwa hiyo udhahania wa sarufi ni kazi ya kuvua na kuvika, na anayeifanya hana budi kukijua sana kile anachokivua. Tena njia ya kurudi ipo wazi: asikiaye utu amjua mtu anayesemwa.

Kazi ya namna hiyo hiyo yaonekana nje ya sarufi, katika mavazi. Kanga ni ndege mwenye manyoya ya rangi ya giza na madoadoa meupe. Kanga ni nguo pia, na maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba nguo ilipewa jina la ndege kwa sababu vitambaa vya awali vilivyouzwa pwani katika karne ya 19 vilikuwa na madoadoa kama yake. Ikiwa ndivyo, basi nakshi iliondoka mgongoni mwa ndege, ikakaa juu ya kitambaa, na ndege mwenyewe hakuchorwa. Hakuna mdomo, hakuna mguu, hakuna jicho. Madoa yamebaki, na jina limebaki. Baadaye nguo hiyo ilipata maua, korosho na maneno, lakini jina likaendelea kushuhudia mahali nakshi ilipotoka. Waswahili hawakuhitaji kufundishwa na mtu wa mbali kwamba madoa yaweza kutengwa na mwenye madoa, yakawa na uzuri wa peke yao. Punda milia naye ameitwa kwa nakshi yake. Lugha ilimtazama, ikaona kwamba kinachomtenga na punda wengine ni mistari.

Walakini kuna udhahania wa namna nyingine, na nchi aliyozaliwa Kingdon iliujua sana. Tabora i katikati ya njia ya zamani iliyotoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe, kisha ikaendelea mpaka Ujiji katika ufuko wa Ziwa Tanganyika. Burton na Speke walipofika Kazeh, Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara wa pwani na Waarabu wamekwisha kufanya maskani yao hapo. Pembe za ndovu zilipita mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ambao sifa yao ya kubeba ilijulikana njia nzima. Na watu waliotiwa utumwani walipita pia. Ndovu aliyeuawa katika misitu ya magharibi alifika pwani akiwa pembe. Pembe ikafika mizanini ikawa frasila, yaani ratili 35, au karibu kilo 16. Frasila ikaingia katika daftari ikawa tarakimu, na tarakimu ikavuka bahari kabla ya pembe yenyewe. Hata binadamu alitiwa katika hesabu ya namna hiyo.

Huu nao ni udhahania: kitu kimevuliwa sura yake, kikabaki kiasi. Tofauti yake na ule wa utu ni moja tu, lakini ni kubwa. Kutoka neno utu mtu aweza kumrudia mtu. Kutoka frasila hakuna awezaye kumrudia ndovu. Haijulikani alikuwa dume au jike, alilishia wapi, masikio yake yalikuwa na umbo gani. Daftari halimhitaji tena. Basi kipimo cha kuhakiki sanaa ya dhahania chaweza kuwekwa kwa maneno machache: je, ipo njia ya kurudi? Mchoraji amevua; je, katika alichokiacha, shina lingali hai kiasi cha mtazamaji kuweza kulivika tena?

Kipimo hiki kisidhaniwe kuwa kimeletwa kutoka nje na kubandikwa juu ya Unyamwezi. Hans Cory, aliyefanya kazi ya uchunguzi wa mila katika Tanganyika, alichapisha London mwaka 1953 kitabu juu ya picha za ukutani za wacheza nyoka, chama kijulikanacho kama Bayeye, kilichokuwa na wafuasi katika Usukuma na Unyamwezi. Picha hizo zilichorwa ndani ya nyumba ambamo wanachama walifundishwa mambo ya chama. Kwa mgeni asiyefundishwa, sehemu ya alama hizo ni mistari na mabaka tu. Kwa aliyefundishwa, kila alama ina hadithi yake. Njia ya kurudi ilikuwapo, ila ililindwa, na mafunzo ndiyo yaliyokuwa mlango wake. Kwa hiyo asemaye kwamba michoro isiyofanana na vitu ni jambo geni katika nchi hizi, asilaumiwe kwa nia yake, bali aonyeshwe kuta hizo.

Kingdon alizaliwa katika familia ya Waingereza, wakati Tanganyika ilipokuwa chini ya udhamini wa Uingereza. Tabora ya siku hizo ilikuwa makao makuu ya jimbo la magharibi na njia panda ya reli. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika mjini mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tawi la kwenda Mwanza likakamilika mwaka 1928. Kwa hiyo mwaka 1935 msafara wa miguu ulikuwa umekwisha kuwa habari za wazee. Kilichobaki ni msitu wa miombo uliouzunguka mji kila upande. Neno miombo, ambalo sasa limeingia katika lugha za sayansi duniani kote, ni la Kibantu, nalo ni miongoni mwa zawadi ambazo lugha za nchi hizi zimewapa wataalamu wa mimea. Katika msitu huo jicho hufundishwa kwa shida: majani ni mengi, vivuli vimekatikakatika, na mnyama asiyetikisika haonekani. Aonekanapo, aghalabu huonekana kipande. Sikio, mstari wa ubavu, baka la rangi. Haifai kudai kwamba mahali pa kuzaliwa hueleza kila kitu katika maisha ya msanii, lakini yafaa kukumbuka kwamba katika nchi ya namna hii nakshi hutangulia, na mnyama hufuata.

Alisomea uchoraji Uingereza, katika shule ya Ruskin ya Oxford na baadaye Royal College of Art ya London. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alikuwa amerudi Afrika ya Mashariki akifundisha katika shule ya sanaa ya Makerere, Kampala. Shule hiyo ilikuwa katika mgogoro wa mawazo uliokuwa na maana kubwa. Margaret Trowell, aliyeianzisha katika miaka ya 1930, aliona kwamba wanafunzi wa Kiafrika wachore kutoka hadithi na maisha yao, wala wasilemewe na mifano ya Ulaya. Cecil Todd, aliyeshika uongozi Trowell alipostaafu mwaka 1958, aliona kinyume: mwanafunzi ajue historia ya sanaa ya dunia, ajue elimu ya rangi, ajue sanaa ya kisasa pamoja na udhahania wake, kisha achague mwenyewe. Kila upande ulikuwa na haki yake na hofu yake. Wa kwanza waliogopa mwanafunzi asiwe kivuli cha Mzungu. Wa pili waliogopa asifungiwe katika kijiji ambacho yeye mwenyewe alikwisha kuondoka.

Mgogoro huo mara nyingi huelezwa kana kwamba kulikuwa na njia mbili tu, hadithi za nyumbani au mitindo ya Ulaya. Kazi ya Kingdon yaonyesha njia ya tatu, na hapo ndipo umuhimu wake kwa historia ya sanaa ya Afrika ya Mashariki ulipo. Hakuuchukua udhahania kutoka majumba ya maonyesho ya Paris au New York, ijapokuwa aliyajua mambo yake. Wala hakuutafuta katika ngano. Aliutafuta kwa kuwachunguza viumbe vya nchi, hai na wafu. Alikaa nje akiwachora wanyama waliokuwa wakila, wakikimbia, wakipigana. Akachukua mizoga, akaipasua, akachora misuli na mifupa. Kazi iliyotokana na bidii hiyo ni East African Mammals, majuzuu saba yaliyotoka London kati ya mwaka 1971 na 1982.

Hapa lugha yatoa msaada ambao mhakiki hapaswi kuukataa. Kitenzi chora hakikuanza na kalamu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 yaonyesha kwamba chora ni kukata nakshi katika kitu, kuchonga na kutia marembo, na vilevile kuandika picha. Mlango wa Unguja umechorwa kwa patasi. Karatasi imechorwa kwa kalamu. Lugha haikuona haja ya kutenganisha. Katika kitenzi hiki, kisu na kalamu ni ndugu. Kwa Kingdon, undugu huo ulikuwa ni utaratibu wa kazi wa kila siku: alikata ndipo akachora, na mstari wa kalamu ulifuata mahali pa kisu. Hakuna maelezo bora ya majuzuu yale kuliko kusema kwamba yamechorwa kwa maana zote za neno.

Mtu afunguapo kurasa hizo hakuti picha moja safi ya kila mnyama, kama zile za vitabu vya kutambulia ndege. Hukuta mnyama mmoja mara nyingi katika ukurasa mmoja: amegeuka, ameinama, ameinua kichwa, hapa mzima, hapa amebaki mgongo na shingo, hapa mistari michache tu inayoonyesha uzito ulipoelemea. Karibu yake lipo fuvu, au mwili uliovuliwa ngozi ili misuli ionekane. Jicho lapita kutoka mchoro uliojaa mpaka mchoro ulio karibu kuwa si kitu, kisha larudi. Mstari ambao peke yake usingekuwa na maana wajibu swali la mchoro ulio jirani yake. Hii ndiyo njia ya kurudi, nayo imewekwa wazi katika ukurasa wenyewe. Mchoraji mwingine wa dhahania humwonyesha mtazamaji mwisho wa safari tu na kumwachia ajikisie mwanzo. Kingdon ameweka vituo vyote, kama vile msafiri wa zamani alivyotaja kila kambi na kila kisima.

Ubora wa kurasa hizo ni kwamba hazifichi shaka. Mchoro wa mashine ya picha humpa mtazamaji kitu kilichokwisha. Mchoro wa kalamu humwonyesha mtu anayefikiri. Mahali ambapo mstari umerudiwa mara mbili au tatu, msomaji aona kwamba mchoraji hakuridhika, akauliza tena. Kwa Kingdon kuchora ni namna ya kuuliza, na jibu lisipopatikana, swali huachwa mahali pake. Kwa sababu hiyo michoro isiyomalizika ina nguvu kuliko baadhi ya picha zake zilizokamilishwa kwa rangi kwa ajili ya vitabu vya kutambulia wanyama, kama kile cha mwaka 1997 juu ya wanyama wa Afrika nzima. Katika kitabu cha namna hiyo mnyama hana budi kusimama sawasawa, ubavu mmoja, ili msafiri amtambue upesi. Kazi ni stadi na ina manufaa makubwa, lakini swali limekwisha kufungwa.

Jambo lililompeleka Kingdon karibu kabisa na udhahania ni nyuso za kima wa misituni. Katika makala ndefu aliyoichapisha mwaka 1980, na tena katika sura ya kitabu cha mwaka 1988, alilinganisha nyuso za aina nyingi za jamii hiyo. Wanyama hawa hufanana kwa miili. Katika nyuso hutofautiana ajabu. Mmoja ana doa jeupe juu ya pua, mwingine ana utepe juu ya macho, mwingine ana ndevu nyeupe au mashavu ya manjano. Kingdon aliziona nyuso hizo kama mchoraji aonavyo nakshi: mahali doa lilipo, rangi iliyo karibu nalo, mpaka ulio mkali na mpaka ulio laini. Kisha akauliza swali la mwanasayansi: nakshi hii yafanya kazi gani? Akajibu kwamba ni ishara, wala haikukaa kimya usoni. Kima hutikisa na kugeuza kichwa kwa namna zake, na nakshi na mwendo hufanya kazi pamoja; rangi pasipo mwendo ni nusu ya neno. Akadai pia kwamba ishara hizo husaidia kila aina imjue mwenzake, hasa mahali ambapo aina mbili au tatu hulishia katika mti mmoja.

Kwa mwanaisimu hoja hii haina ugeni. Sauti mbili zikikaa katika lugha moja, hutengana mpaka zisichanganywe. Lugha yahitaji tofauti, na tofauti huongezeka pale hatari ya kuchanganya ilipo. Mwaka 2014 wachunguzi wengine walitoa ushahidi kwa kutumia picha nyingi na hesabu za kompyuta za kutambua nyuso: nyuso za aina hizi zatofautiana zaidi na nyuso za aina zilizo jirani nazo. Jicho la mchoraji lilikuwa limetangulia mashine kwa zaidi ya miaka 30. Jambo hilo halifanyi picha kuwa nzuri, kwa kuwa ukweli wa sayansi na uzuri wa sanaa hupimwa kwa mizani mbalimbali. Lakini lathibitisha kwamba nakshi alizozitenga hazikuwa njozi. Alikuwa ameshika shina.

Hata hivyo, mwisho wa njia ile ile ya misafara lipo shauri ambalo mhakiki mwaminifu hawezi kulipita. Katika Unyamwezi mtu hukutana na nyani na tumbili. Lakini njia ikishafika ziwani, kaskazini ya Ujiji na Kigoma, zipo korongo zenye misitu katika hifadhi ya Gombe. Humo waishi kima wa kawaida, mwenye uso wa giza na nywele za rangi hafifu juu ya macho, pamoja na kima mwenye mkia mwekundu, ambaye ana doa jeupe juu ya pua. Kwa hoja ya nakshi, nyuso hizi mbili zisingekosewa. Lakini katika Gombe aina hizi mbili huzaana, na machotara wao wameonekana kwa miaka mingi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 umeonyesha kwamba uchanganyiko huo umeacha alama ya kudumu. Doa la pua halikuwa mlango uliofungwa. Lilikuwa neno, na neno laweza kusikiwa na asiyekusudiwa, au kukubaliwa na jirani aliyezoea kulisikia.

Gombe haiibomoi hoja ya Kingdon. Nakshi yaweza kutenganisha kwa kawaida ingawa haitenganishi kila mahali. Lakini yafunua upungufu mmoja katika mwelekeo wake. Katika maandishi yake ipo shauku ya kuona kazi katika kila baka, na sababu katika kila mstari. Shauku hiyo ikizidi, nakshi hugeuka kuwa tarakimu katika daftari: doa hili ni kwa ajili ya hili, utepe ule ni kwa ajili ya lile, na hesabu imefungwa. Hapo njia ya kurudi huanza kuota majani. Uso wa kima una maana, lakini una ziada pia. Kuna rangi iliyozidi haja, kuna mpangilio ambao jicho laufurahia kabla ya kuuliza wa nini. Kingdon mchoraji aliijua ziada hiyo, na kalamu yake yaishuhudia. Kingdon mwenye kueleza mara nyingine aliharakisha kuilipia ushuru. Pale wawili hao wanaposhindana katika ukurasa mmoja, mchoraji ndiye afaaye kusadikiwa.

Liko na swali jingine, nalo si la sanaa peke yake: je, mtu huyu ni wa nani? Makerere aliiacha katika miaka ya 1970, na kazi zake za baadaye, pamoja na Mammals of Africa, majuzuu sita ya mwaka 2013 aliyoyahariri pamoja na wenzake, zilifanyika akiwa na uhusiano na Oxford. Mzaliwa wa Tabora kwa damu ya Kiingereza, aliyeandika kwa Kiingereza, kwa urahisi aweza kuondolewa katika historia ya sanaa ya Tanzania, na hoja za kumwondoa si za kipuuzi. Aliyezaliwa katika nyumba ya watawala alipita mahali ambapo wenzake wa umri ule, watoto wa wapagazi, hawakuruhusiwa kupita. Lakini mji wenyewe haukujengwa na wenyeji wa ukoo mmoja. Mnyamwezi, Mmanyema, Mswahili, Mwarabu na Mhindi waliufanya kuwa mji. Njia ya misafara haimuulizi mtu alikotoka tu. Humuuliza pia alibeba nini na alikiacha wapi.

Kwa kipimo hicho yapo mambo mawili ya kuandika. La kwanza ni kwamba aliwatazama wanyama wa nchi hizi kwa muda mrefu, na kwa heshima, akiwapa kila mmoja sura yake, katika nchi ambazo biashara ya kale iliwatazama kama uzito. Ndovu aliyepotea katika frasila, katika juzuu la mwaka 1979, amerudishiwa mkonga, masikio, mwendo na jamaa zake. Kurasa hizo zalipa deni ambalo halikuandikwa popote. La pili ni kwamba deni jingine limebaki. Katika majuzuu hayo kila mnyama ametajwa kwa majina ya lugha za wenyeji, Kiswahili na nyinginezo. Jambo la kusifiwa, na mtaalamu wa lugha hulipitia kwa furaha. Lakini kwa sehemu kubwa majina yamekaa katika orodha, hayakuingia katika hoja. Lugha iliyomwita punda kwa milia yake, na nguo kwa madoa ya ndege, ilikuwa imekwisha kuanza uchunguzi wa nakshi. Ingefaa isikilizwe kama mwenzi, badala ya kuandikishwa kama mashahidi wanavyoandikishwa.

Deni hilo halimhusu Kingdon peke yake. Theresa Musoke, aliyesoma Makerere katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1960, amechora wanyama ambao huibuka na kuzama katika mabaka ya rangi mpaka mtazamaji hajui majani yameishia wapi na mnyama ameanzia wapi. Kazi yake nayo hukaa vibaya katika sanduku la uhalisia na katika sanduku la dhahania. Wako na wengine wa namna hiyo. Wahakiki wa Kiswahili wakiendelea kutumia maneno mawili kama milango miwili, wasanii hawa wataendelea kusimama nje.

Neno dhahania halina haja ya kufukuzwa. Lina kazi yake, na limekwisha kuota mizizi. Yatosha lirudishiwe maana ambayo sarufi ilikuwa nayo tangu zamani: kuvua kiambishi na kushika shina. Mhakiki atakayelitumia hivyo hataishia kuuliza kama picha yafanana na kitu. Atauliza kitu gani kimevuliwa, mchoraji alikijua kwa kiasi gani kabla ya kukivua, na kama mtazamaji aweza kurudi.

Katika sehemu za Tabora ipo miembe ya zamani ambayo husemwa kwamba ilipandwa na watu wa misafara kando ya njia zao. Wapagazi hawapo, mizigo haipo, na mahali pengine hata njia haipo. Kilichobaki ni mstari wa miti. Mgeni aona miembe tu. Ajuaye aufuata mstari huo mpaka Kwihara.